Majaliwa ya Mungu na Uhuru wa Viumbe: Tuliyoyaona Hamukungu

(Mazungumzo yaliyosomwa na wazee wa Kamati ya Jumuiya katika kumbukumbu ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani)

Tumepewa nusu saa. Safari iliyopita msemaji alipewa nusu saa akachukua saa moja na nusu, mvua ikatukuta hapa hapa chini ya turubai, kwa hiyo tutajitahidi.

Sisi tunaosema ni wale tuliotoka pande za Beni na Lubero tukavuka Kasindi na Mpondwe mwanzoni mwa mwaka 2018. Tulikaa Bwera majuma machache. Halafu, kabla ya kuletwa katika kambi hii, tukaishi karibu mwaka mzima katika kijiji cha wavuvi cha Hamukungu, kando ya Ziwa George, wilaya ya Kasese. Kamati imetuomba tuseme juu ya majaliwa ya Mungu na uhuru wa viumbe wake. Somo hili halikuletwa na vitabu, lililetwa na ugomvi. Wengi wenu mnakumbuka mkutano wa kutayarisha siku hii. Mtu mmoja alipendekeza kwamba kila jina la marehemu litakaposomwa, sote tuitikie, "Ni mapenzi ya Mungu." Mama mmoja akasimama akasema kwamba ikiwa ndivyo, jina la mwanawe lisisomwe kabisa. Maneno yakawa makali na mkutano ukavunjika. Mama huyo yupo hapa leo. Ametupa ruhusa ya kueleza habari ya mwanawe, ila tumeahidi kwamba jina lake halitatajwa na sisi, litatajwa na katibu wakati wa kusoma majina.

Basi, kwanza tueleze mahali penyewe, maana kati yenu wapo ambao Kasese wameiona kwa dirisha la basi tu.

Hamukungu ni mwalo wa wavuvi ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth. Mbele ni maji, nyuma ni nyasi, na juu upande wa kaskazini-magharibi, asubuhi ikiwa safi, unaona milima ya Rwenzori. Hakuna ukuta kati ya watu na wanyama. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba 250 hivi, lakini kina chake kwa wastani hakizidi mita mbili na nusu. Maji yake ni ya kijani, mazito kama mchuzi wa sombe. Sisi tuliokuwa wageni tulidhani yameoza. Wenyeji walitucheka wakasema, hiyo ndiyo ngano ya samaki. Na ni kweli. Ule ukijani ni vijimea vidogo mno visivyohesabika, na ngege huvila. Wataalamu waliolichunguza ziwa hili kwa miaka kadhaa kuanzia 1966 walieleza kwamba mchana jua huyapasha moto maji ya juu yakatengana na ya chini, na usiku yanapopoa yote huchanganyika tena. Jambo hilo hutokea kila siku, mwaka mzima, kwa kuwa Ikweta iko hapo hapo. Mito ya Rwenzori huleta maji na rutuba. Viboko nao hutoka usiku kula majani nchi kavu, mchana hurudi majini, na mavi yao huwa mbolea ya ziwa. Mtu asiyepanda wala kupalilia anatupa wavu wake na kupata chakula.

Wakonzo wa Bwera na sisi Wanande ni ndugu wa lugha moja iliyokatwa na mpaka. Wote humwita Muumba Nyamuhanga. Wasongora, ambao ndio wafugaji wa Hamukungu, humwita Ruhanga. Mzizi ni ule ule, kuhanga, yaani kuumba. Kwa hiyo jioni, wakati wa kutengeneza nyavu, mazungumzo juu ya Mungu hayakuwa na haja ya mkalimani. Wazee wa mwalo walikuwa na methali ya Kiswahili waliyoipenda, sijui waliipata kwa wafanyabiashara gani wa Katwe: riziki kama ajali, huitambui ijapo. Wakati ule tuliiona ni ya kuchekesha kidogo, kuweka riziki na ajali katika kapu moja.

Kijana wetu alikuwa na miaka kumi na tisa. Hodari, mcheshi, anayeimba akipiga kafi. Sasa, katika Ziwa George idadi ya mitumbwi yenye leseni imewekewa kikomo kwa kila mwalo ili samaki wasiishe. Mgeni hana mtumbwi. Hufanya kibarua kwa mwenye mtumbwi. Kulikuwa na mtu mmoja, ambaye kumtaja hakuna faida, aliyekuwa na mtumbwi wa pili usio na leseni. Mtumbwi huo ulitoka usiku tu, bila taa, ukipita kando ya matete ili usionekane na doria. Aliyekubali kwenda nao alilipwa mara mbili. Kando ya matete ndipo viboko wanapopita kwenda malishoni. Mvuvi mzee alimwonya kijana mbele yetu. Kijana akajibu kwamba mama yake anadaiwa dawa, na kwamba atakwenda mara mbili tu. Alikwenda mara nne. Mara ya nne mtumbwi ulipinduliwa. Mwenzake aliogelea akafika pwani akitetemeka, akasema alichosikia ni pumzi ya kiboko na ubao ukivunjika. Kijana tulimpata siku iliyofuata mchana.

Kwenye mazishi mhubiri mmoja, mtu mwema aliyetaka kufariji, alisema Mungu ameingia shambani mwake akachuma ua alilolipenda. Mama akainua kichwa akasema: "Mungu hakuchuma. Mwanangu alitumwa."

Ndugu zangu, maneno hayo mawili, kuchuma na kutumwa, tumeyabeba tangu siku hiyo hadi leo. Wapo waliosema mama amekufuru. Sisi tulidhani hivyo pia. Baadaye tulianza kuyapima.

Nani alimwua kijana? Kiboko alifanya kazi ya kiboko. Usiku ni saa yake, matete ni njia yake, na kilichomzuia njiani alikigonga. Hakuna mahakama ya kiboko. Yule yule ambaye mavi yake hulisha ziwa linalotulisha, ndiye aliyepindua mtumbwi, naye hakubadilika tabia kati ya jambo la kwanza na la pili. Kijana naye alichagua. Tusimnyang'anye hilo kwa sababu amekufa. Alikuwa mtu, alionywa, akaamua. Lakini uhuru wa mwenye njaa ni kama mlango wa banda la kuku: upo, ila huupiti bila kuinama. Mwenye mtumbwi alikuwa na uhuru mpana kuliko wote, na usiku ule alikuwa amelala nyumbani kwake. Sasa mkisema "ni mapenzi ya Mungu", angalieni ni nani anayefurahi kusikia. Mama hafurahi. Mwenye mtumbwi anafurahi sana. Alikuja mazishini na sukari kilo mbili, na aliposikia habari ya ua na shamba aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sote.

Katika Biblia kuna mtu aliyeuliza swali hili kuliko sisi, naye ni Ayubu. Watu wengi hukumbuka subira yake na kusahau kwamba sura nyingi za kitabu chake ni malalamiko. Mungu anapomjibu mwishoni, hampi sababu ya watoto wake kufa. Anamwonyesha wanyama. Anamtajia simba na mawindo yake, punda-mwitu aliyeachiwa nyika bila kamba ya mtu, mbuni, tai, na yule mnyama mkubwa wa mtoni alalaye penye matete, ambaye wafasiri wengi humdhani kuwa kiboko. Sisi tulioishi Hamukungu tuliposoma tena sura zile tulishtuka, kwa sababu ilikuwa kama mtu amesimama kwenye mwalo wetu anaonyesha kwa kidole. Na jambo tuliloliona ni hili: Mungu hasemi kwamba amewafunga wanyama hao kwa ajili ya Ayubu, wala hasemi kwamba amewatuma. Anawalisha, na amewaacha wawe walivyo. Anajivunia kwamba hawana bwana katika watu.

Hapo neno letu la Kiswahili lina hekima. Majaliwa yametokana na kujalia, na kujalia ni kumpa mtu kitu au nafasi. Aliyejaliwa amepewa, hakuburutwa. Ziwa limejaliwa kuwa ziwa, pamoja na dhoruba zake. Kiboko amejaliwa nguvu. Mtu amejaliwa akili ya kuona matete yako wapi na moyo wa kumtuma au kutomtuma mtoto wa mwenzake huko.

Tutasema habari nyingine ya Hamukungu, maana hii ilifika mpaka katika magazeti ya ulimwengu. Mwezi wa Aprili 2018 simba 11 walikutwa wamekufa karibu na kijiji: majike watatu na watoto wanane. Wakuu wa hifadhi walishuku sumu. Iliaminika kwamba ni kisasi cha mfugo ulioliwa. Sisi hatukuona aliyefanya na hatutahukumu. Lakini tulisikia mazungumzo. Wapo waliosema: Mungu ametuondolea adui. Na walikuwa na sababu ya kusema hivyo, maana ng'ombe kwa Msongora ni ada ya shule, mahari, na maziwa ya mtoto, na wakati huo simba akila ng'ombe hapakuwa na sheria ya fidia. Ilikuja baadaye, katika Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, na hata hapo sheria na shilingi ni vitu viwili.

Mzee mmoja Msongora hakukubali. Alituambia kwamba watu wanasema nyika hii ni ya wanyama tangu uumbaji, na si hivyo. Miaka ya 1890 sotoka ilimaliza ng'ombe. Mwanzoni mwa karne ya ishirini malale yakaja, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka kandokando ya maziwa haya. Watu walipoondoka majani yakaota, wanyama wakajaa, na mwaka 1952 pakafanywa hifadhi. Wenye ng'ombe wakabanwa pembeni. Wengi wao wakavuka mpaka na mifugo yao wakaingia kwetu Kongo, nako mwaka 2006 wakafukuzwa, wakarudi Uganda na ng'ombe wao ndani ya hifadhi ile ile. Mzee alisema: "Ninyi mmekuwa wakimbizi wa kuja huku. Sisi tulikuwa wakimbizi wa kwenda huko. Kila mara mtu alisema ni mpango wa Mungu, na kila mara palikuwa na karatasi yenye muhuri." Kisha akasema juu ya simba: "Nami nina hasira nao. Wamenila ndama wawili. Lakini anayetia sumu katika nyama hachagui atakayeila. Fisi atakula, tai atakula, mbwa wangu atakula, na mtoto akiokota je?"

Tulipofika kambini tulidhani habari ya simba imekwisha. Kumbe haijaisha. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, katika Mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, watafiti walipiga picha kwa ndege ndogo isiyo na rubani, kamera yake ikiona joto la mwili gizani. Wakaona simba dume wawili, ndugu wa tumbo moja, wanaogelea maji yenye viboko na mamba, zaidi ya kilomita moja. Mmoja wao, aliyepewa jina Jacob, ana miguu mitatu tu. Wa nne aliupoteza kwa mtego wa majangili mwaka 2020. Walijaribu, wakarudishwa na hatari, wakajaribu tena, hadi wakavuka. Watafiti walieleza kwamba katika hifadhi hiyo madume wamezidi majike, na kwamba yumkini ndugu hao walikuwa wakitafuta majike ng'ambo. Idadi ya simba wa hifadhi hiyo ilikuwa imepungua karibu nusu katika miaka mitano.

Kijana mmoja wa shule hapa kambini alituonyesha picha hiyo katika simu, na tukaitazama mara nyingi. Nukta mbili nyeupe katika maji meusi. Tulikumbuka majike watatu wa Hamukungu. Hatusemi kwamba hao peke yao ndio sababu, hilo hatuwezi kulipima. Lakini mkono wa mtu uliotia sumu, na mkono mwingine uliotega waya, umo katika maji yale pamoja na simba. Na nguvu ya kuogelea kwa miguu mitatu, hiyo hakuipewa na mtu. Sisi tuliovuka mto usiku na watoto mgongoni hatukuhitaji kuelezwa.

Tukiondoka kwa wanyama, tuje kwa maji na mawe. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba, unaoteremka Rwenzori ukapita Kilembe na mji wa Kasese na kumwaga maji katika Ziwa George, ulifurika ukachukua nyumba na madaraja, na hospitali ya Kilembe ikabidi wagonjwa waondolewe. Ulifurika tena 2014, na tena 2020. Wenyeji walitusimulia kwamba kila mara alitokea mtu wa kusema watu wa bondeni wana dhambi. Lakini mwaka 2012 moto ulikuwa umeteketeza mimea ya juu bondeni humo, na mvua kubwa iliponyesha hapakuwa na cha kuishika. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anaulizwa habari kama hizo, naye anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na anakataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Kwa hiyo anayehesabu dhambi za waliokufa kwa mafuriko anafanya hesabu ambayo Bwana wake alikataa kuifanya. Mlima una uhuru wake, mvua ina uhuru wake. Kiberiti kina mwenyewe.

Juu ya Mpondwe tutasema machache. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 watu wenye silaha wa kundi la ADF, wale wale waliotuondoa sisi Beni, waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini, na wengine wakawachukua. Maiti zilipelekwa Bwera, katika hospitali ambayo wengine wetu tulitibiwa tulipovuka. Kuna watoto wa ndugu zetu katika hesabu hiyo. Hapa hatutumii neno majaliwa. Hatulitumii kwa sababu waliofanya hivyo nao husema wanatimiza mapenzi ya Mungu, na hatutaki kuitikia wimbo wao, hata kwa bahati mbaya.

Mtauliza: basi Mungu hufanya nini? Ikiwa kiboko yuko huru, mto uko huru, na muuaji yuko huru, majaliwa yamebaki wapi? Swali hilo ni la haki. Hatuna jibu zima. Tuna mambo tuliyoyaona.

Mwezi Juni 2019, wakati ebola ilipokuwa ikiua kwetu Kivu Kaskazini, familia moja ilivuka kwa njia ya panya na mtoto mgonjwa wa miaka mitano. Alipelekwa Kagando, kisha Bwera, na huko akafa. Bibi yake na mdogo wake wakafa pia. Ugonjwa ule ulikuwa tayari kuenea Kasese nzima, soko la Mpondwe lilivyo na watu. Haukuenea. Kwa nini? Kwa sababu miezi mingi kabla mgonjwa wa kwanza hajavuka, wauguzi wa upande ule walikuwa wamekwisha kuchanjwa, wamefundishwa, na vyumba vya kutengea wagonjwa vimeandaliwa. Mtu aliwaza mbele akaweka akiba ya uangalifu. Mabibi na mabwana wa afya mlioko hapa, wakati ule watu waliwanung'unikia kwamba mnatutisha na ugonjwa usiokuwepo. Tunaomba radhi kwa niaba ya walionung'unika, na tulikuwemo.

Wazee wa pwani husema jitihada haiondoi kudura. Methali hii hutumiwa vibaya sana hapa kambini, hasa na watu wasiopenda kuchemsha maji. Maana yake ni kwamba hata ukijitahidi, yapo yasiyo mikononi mwako. Haisemi usijitahidi. Ndugu zetu Waislamu wanajua habari ya mtu aliyemwuliza Mtume kama amwache ngamia bila kumfunga na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Shehe wetu aliisimulia vizuri siku ile ya ugomvi, ila kelele zilikuwa nyingi.

Na usiku ule tulipofika Hamukungu kwa mara ya kwanza, familia tatu, mama mmoja mjane anayekausha samaki alitufungulia ghala lake. Hakuwa na amri kutoka kwa mtu. Angeweza kusema hapana. Majirani zake wawili walisema hapana, nao hawakuwa watu wabaya, waliogopa tu. Tulipomwambia kwamba Mungu amemtuma, alicheka akasema, "Hakunituma mtu. Nimewaona mmelowa." Tumelifikiri jibu hilo pamoja na lile la mama wa kijana. Mmoja anasema alitumwa, mwingine anasema hakutumwa. Sisi tunaona Mungu yupo zaidi katika ghala la yule ambaye hakutumwa.

Sasa neno kwa ndugu zetu wa mashirika, na mtuvumilie. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2020, ukapunguzwa tena miaka iliyofuata, tulisikia mambo mawili hapa. Wengine walisema Mungu atatoa, wakaacha kipande chao cha ardhi kiote magugu. Wengine walisema shirika ndilo Mungu wetu, na Mungu huyu amekuwa mchoyo. Yote mawili ni makosa yetu. Lakini nanyi mna lenu. Mtu aliyeandikwa "mnufaika" kwa miaka saba hufika mahali akasahau kwamba alipokuwa kwao alikuwa fundi, mwalimu, mkulima wa kahawa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki yetu ya kutembea na kufanya kazi, na katika hilo nchi hii imetutendea wema ambao nchi nyingi tajiri hazijautenda. Tunapowaomba mtuulize kabla ya kupanga, msidhani ni utovu wa shukrani. Tunaomba kutendewa kama watu wanaoweza kukosea wenyewe. Hatuwadai muwe Mungu. Tunawadai mje kwenye mikutano kwa saa mliyoandika.

Tunarudi kwenye ugomvi wetu, maana muda unakwisha na tunaona mawingu.

Katika Mwanzo, na katika Kurani sura ya 12, imo habari ya Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake. Miaka mingi baadaye, njaa ilipowaleta mbele yake, aliwaambia kwamba wao walikusudia mabaya lakini Mungu aliyageuza kuwa mema, watu wengi wakapona. Neno hilo hunukuliwa sana kwenye mazishi yetu. Kamati ilipokaa mara ya pili, mzee mmoja alituuliza: ni nani aliyelisema? Tukanyamaza. Ni Yusufu aliyelisema, yeye aliyetupwa shimoni. Fikirini kama ndugu zake wangemwambia hivyo wao, walipokuwa wanahesabu fedha: usilie, Yusufu, ni mpango wa Mungu. Neno lile lile lingekuwa kufuru. Na hata Yusufu hakulisema akiwa shimoni. Lilimchukua miaka.

Kwa sababu hiyo Kamati imekubaliana, na mama yule amekubali, na yule aliyependekeza mwitikio naye amekubali ingawa si kwa furaha. Majina yatasomwa pamoja na mahali mtu alipofia na namna alivyokufa, kadiri familia ilivyotaka iandikwe. Palipo na mkono wa mtu, itasemwa hivyo. Palipo ugonjwa, itasemwa ugonjwa. Hakuna mwitikio wa pamoja. Familia inayotaka kusema ni mapenzi ya Mungu, iseme yenyewe, nasi tutainamisha vichwa kwa heshima, kwa sababu ni neno lao. Familia isiyotaka, tutakaa nayo kimya kwa muda wa pumzi chache. Na mwenye kutaka kulisema baada ya miaka, katibu ameacha nafasi tupu kando ya kila jina katika daftari.

Majina ni 46 mwaka huu. Tunaomba watoto wadogo wapelekwe kwenye kivuli cha shule, kuna uji. Lile la kijana wa Hamukungu ni la tisa. Mama yake ameomba kwamba likisomwa tusimame, na kwamba yule mwenzake aliyeogelea akafika pwani, ambaye amekuja leo kwa pikipiki kutoka Kasese, asimame karibu naye. Katibu, karibu.